Maneno ya siri yapo wodini

Shikamooni wakubwa. Wa Mkunya, wa Chilangala, watoto hawajambo?

Jamani, mimi mama yake Hamisi, yule aliyeleta intaneti ya kwanza Newala. Akaunti zenu kafungua yeye, maneno ya siri katunga yeye.

Asubuhi nimeandika humu kundini: anaumwa sana, anahitaji damu kabla ya upasuaji kesho.

Mama Zuhura akajibu, "Pole dada. Kabla hajazidiwa, niulizie neno langu la siri."

Wengine wakafuatia, "Na langu!"

Nikamsomea Hamisi. Akacheka mpaka akakohoa, akaanza kuyataja!

Nikamziba mdomo kwa kiganja.

Anayetaka lake aje hapa hospitali ya Mkomaindo. Akishatoa damu, atanong'onezwa.

Nani anakuja? Nijibuni upesi jamani, moyo hautulii.