Bomba la Fundi Jumamosi

Mume wangu ni fundi bomba, na mtaani wanamwita Jumamosi. Jina hilo nilimpa mimi, kwa hasira. Kila nilipomwambia bomba la uani linavuja, alijibu, "Nitalitengeneza Jumamosi, mke wangu," na Jumamosi ikifika anabeba spana zake kwenda kuokoa majiko ya watu wengine. Haki yake nampa: bomba alilolifunga kwa watu halirudii kuvuja, na hilo ndilo analojivunia. Letu lilivuja tangu kitinda mimba wetu anatambaa. Mganga hajigangi.

Baba mkwe wangu alipofiwa na mkewe, tulimleta akae nasi. Alikuwa dereva wa garimoshi maisha yake yote. Tulimwekea kitanda kipya, pazia jipya na redio, wala hakuvijali. Begi lake alilisimamisha nyuma ya mlango bila kulifungua, na kila wiki alitangaza kwamba anarudi kwake. Kule kwake hakuna mtu. Nilimpenda mzee yule, na roho yangu haikutulia, maana nilijua akirudi kwenye nyumba tupu atakwisha.

Kilichomfanya asogeze siku ni mbayuwayu. Walikuja wawili, dume na jike, wakaanza kujenga juu ya boriti ya barazani. Wanateremka kwenye tope la bomba letu, wanachota kidonge kwa mdomo, wanapanda kukibandika. Mzee akavuta kiti.

Jirani wa ng'ambo ya barabara, mwenye duka la dawa, ana baraza pana kuliko letu, na alikuwa amewatundikia ndege kisanduku cha rangi ya samawati. Hakuna ndege aliyekanyaga. Siku moja akaja kuuliza kulikoni.

"Wewe umemwaga saruji ua mzima," mkwe wangu akamwambia. "Wadudu nao unawapulizia dawa asubuhi na jioni. Sasa huyu mgeni ajengee nini, na ale nini? Rangi?"

"Kwa hiyo hapa wamefuata uchafu."

"Wamefuata riziki. Ndege hatazami nyumba nzuri. Anatazama tope liko wapi, wadudu wako wapi, na boriti gani haifikiwi na paka. Hapa vyote vipo, kwa hisani ya mwanangu mvivu."

Na mwanawe huyo akirudi kutoka kazini jioni, mzee alikuwa anamsubiri.

"Fundi. Bomba."

"Jumamosi, baba."

"Jumamosi ipi? Garimoshi langu lingengoja Jumamosi yako, abiria wangezeekea stesheni."

Akishamsema hivyo, anakaa mezani na kula mpaka anaongeza.

Mume wangu maneno yakamwingia. Jumamosi moja, mzee akiwa kwa kinyozi, akaamua kumfurahisha baba yake. Akalifungua bomba lote, akabadilisha mpira wa ndani, akalikaza. Mzee aliporudi akalifungua, akalifunga, akakinga kiganja chini yake. Kikavu.

"Vizuri," akasema. Usiku ule alikula nusu sahani.

Ua ukakauka. Kiota kilikuwa kimefika nusu, kama bakuli lililovunjika. Mbayuwayu wakatua, wakadonoa udongo mgumu, wakazunguka, kisha wakaelekea mwisho wa mtaa, kwa waosha magari, ambako tope halikauki. Mzee akaingiza kiti ndani. Jioni baba na mwana walitazamana tu, hawana la kusemezana. Nikamkuta mzee anafuta vumbi begi lake.

"Jumapili naondoka, mama," akaniambia. "Hapa kila kitu kiko sawa."

Neno hilo lilinichoma. Nikamfuata mume wangu.

"Kalegeze lile bomba."

"Mimi? Nilegeze bomba nililolifunga kwa mkono wangu? Watu wakisikia nitakula wapi?"

"Basi baba yako anaondoka."

Nikachukua spana nikajaribu mwenyewe, halikutikisika hata kidogo. Mwanamume yule akikaza, amekaza.

Jumapili asubuhi niliamshwa na sauti ya mzee uani. Alikuwa amevaa viatu vya safari, vimepigwa rangi vizuri, na amesimama katikati ya tope.

"Hata wiki mbili hazijaisha! Huu ni ufundi gani? Ulilifunga kwa ulimi?"

Mume wangu, ambaye hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kazi, alisimama mbele yake akiwa na fulana tu, kichwa chini. Magoti ya suruali yake yalikuwa na tope lililokwisha kukauka.

"Nimekosea, baba."

"Utalitengeneza lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

"Hiyo sijui, baba."

Mzee akaguna. Akaenda kuleta kiti chake, akaketi, akavua viatu.

"Mama," akaniita, "siwezi kumwachia huyu nyumba. Lile begi lifungue, nguo zisije zikaota ukungu."

Nililifungua siku ileile. Mashati ya chini kabisa yalikuwa bado na mikunjo ya pasi ya marehemu mkewe. Nikayatundika vilevile yalivyo.