Kinanda Changu na Mguu wa Bibi Harusi

Sijaona mpiga ngoma kama Mama Koku wa kwaya yetu hapa Kamuli. Akishaushika mdundo, hata mjukuu alie mgongoni mwake, hauachii. Na mimi, mpiga kinanda, ndiye niliyemwambia mbele ya kwaya nzima kwamba anaukimbiza mdundo.

Nilikuwa nimechoka na sauti za kinanda chenyewe, nikakiunganisha na kompyuta yenye matarumbeta matamu ajabu, kwa waya niliyoifuata mjini Kayanga. Tatizo ni kwamba nikibonyeza, kompyuta hutafakari kidogo ndipo itoe sauti. Nikawa nasikia ngoma imetangulia, nikajua mkosaji ni ngoma.

"Mama, usiwahi. Unisubiri mimi."

"Sawa, mwanangu."

Jumamosi bibi harusi akaingia kanisani akitembea kwa mdundo wetu. Mama Koku akanisubiri. Kompyuta ikachelewa, naye akachelewa nayo, nami nikamfuata yeye. Wimbo wa shangwe ukapoa hadi ukafanana na wa mazishi, na yeye hakukosea hata pigo moja. Katikati ya kanisa bibi harusi akabaki na mguu mmoja juu, hajui aushushe lini.

Wimbo ukakatika. Mama Koku akalaza viganja juu ya ngoma.

"Nakusubiri, mwanangu, kama ulivyosema. Bonyeza."

Nikabonyeza. Kanisa zima likasikia kidole changu kikigonga kinanda, tko. Kisha, tukiwa wote tumeikodolea macho kompyuta, tarumbeta ikafika.