Mifereji ya Fundi Stika

Mimi si mtu wa kuona haya kwa kutumia vifaa vya bei nafuu. Mkubwa wetu kazini aliposema vidude vya kupimia maji ya visima lazima viagizwe ng'ambo, nilimjibu mbele ya wote kwamba ningevitengeneza hapahapa Nairobi. Akanipa hadi Jumatatu. Nikishindwa, kibarua changu kingeota nyasi, na nilikuwa naipenda kazi ile.

Kidude chenyewe kinatoshana na kidole gumba, na ndani kina mifereji myembamba. Tone la maji hupita humo, hukutana na dawa na kubadilika rangi. Nilichora mifereji hiyo kwenye kompyuta, nikampelekea fundi wa mjini anayekata stika za magari kwa mashine. Nilitaka stika iliyotobolewa mifereji, niibane kati ya vioo viwili, maji yapite palipo wazi.

Ijumaa jioni nilimkuta amemaliza. Katika kazi yake, herufi ndizo hubaki na kilichozizunguka hutupwa. Basi alikuwa ameng'oa stika yote, akaniwekea vistari vya mifereji tu, vimepangwa vizuri kwenye karatasi.

"Siste, takataka zote nimekutolea," alisema kwa fahari. "Iko safi."

Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Stika ya aina ile ilikuwa imemwishia. Nilivibeba vistari hivyo hivyo hadi nyumbani, mtaa wa Jamhuri, nimenuna njia nzima.

Jikoni, nikingoja chai ichemke, niliviangalia tena. Vilikuwa vimeinuka kidogo, kama mishipa ya mkononi. Nikavibandika ndani ya sahani ya kioo, nikavimwagia silikoni ya majimaji niliyotoka nayo kazini, iliyochanganywa na dawa ya kuigandisha, nikaiweka kwenye oveni kwa moto mdogo. Ilipoganda niliibandua. Kila kistari kilikuwa kimeacha mfereji wake. Nikaitoboa matundu ya kuingizia maji, nikailaza juu ya kioo kisafi, ikashika. Nilipoijaribu kwa maji yenye rangi ya keki, yalipita bila kuvuja. Nilicheka peke yangu. Na vistari bado vilikuwa palepale kwenye sahani, vikisubiri kumwagiwa tena.

Jumatatu mkubwa alidondosha kwenye kidude maji ya kisima cha nyumbani kwake, mtaa wa Karen, akaitazama rangi ikigeuka.

"Na hiki kikiharibika, tungoje mpaka lini?"

Nikafungua mkebe wangu wa chakula. Ulikuwa umejaa vingine. Hakutaja ng'ambo tena.

Mchana huo nilirudi mjini na mchoro mpya. Fundi, ambaye sasa alikuwa na wasiwasi, aliuliza safari hii abakishe nini. Nikamwambia akate vile alivyozoea.