Bunduki Kitandani kwa Mama

Baba yangu alikuwa na bunduki ya kufukuzia nyani, na leseni yake alikuwa nayo. Tangazo lilipotoka kwamba raia warudishe silaha, aliifunga ndani ya gunia, akaenda nayo mjini Koboko kwa miguu, akaikabidhi kituo cha polisi. Alirudi kijijini kwetu Dranya na risiti. Nyani hawakupata tangazo. Msimu ule walivuna muhogo kabla yetu, tena bila haraka.

Dada yangu alikuwa ameolewa na polisi. Shemeji huyo alitembea na bunduki yake kila mahali: sokoni, msibani, hata siku aliyokwenda Arua kununua godoro. Kila alipokuja kwetu alituonya, "Mutu wa kawaida akigusa hii, jela." Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na sikupenda kufundishwa namna ile uani kwetu. Baba aliutazama muhogo wake.

Siku moja mchana shemeji alikuja kutusalimia. Akaiegemeza bunduki kwenye ukuta wa nyumba ya mama, akavuka njia kumwamkia jirani. Mvua ikaja ghafla. Mama alitoka mbio kuanua ufuta, na kwa mwendo uleule akaanua na bunduki. Akailaza kitandani kwake, palipokuwa pakavu.

Mvua ilipokatika shemeji alirudi, akakuta ukuta mtupu. Kwetu mwanamume haingii nyumba ya mama mkwe wake, wala hawaangaliani usoni. Akasimama uani, ameupa mlango mgongo, akaniuliza mimi.

"Bunduki iko wapi?"

"Iko kwa kitanda ya mama."

Saa kumi na moja jioni shemeji alitakiwa kwenye gwaride Koboko, na miaka ile ya utawala wa kijeshi askari aliyefika bila bunduki yake hakuulizwa mara mbili. Wengine hawakuulizwa hata mara moja. Nilimwonea huruma, kisha nikaudhika kwamba ninamwonea huruma.

"Leta," akaniambia.

"Mimi mutu wa kawaida."

Mama akasema kutoka ndani kwamba yeye aliigusa mara moja bila kufikiri, na mara ya pili ingekuwa makusudi. Hakutoka.

Shemeji akamgeukia baba. "Baba, saidia mimi."

"Mimi narudisha yangu kitambo," baba akasema. "Karatasi iko. Sasa wewe andika karatasi, sema mimi nabeba."

Nikamletea daftari la shule na kalamu yangu nyekundu. Aliandika akiwa amesimama: anamruhusu baba mkwe wake kubeba bunduki ya serikali kutoka kitandani mpaka barabarani. Baba aliisoma mara mbili, akamwambia aongeze tarehe. Akaongeza. Ndipo baba akaingia ndani, akatoka na bunduki begani.

Kutoka mlangoni mpaka barabarani ni hatua thelathini. Lakini karatasi haikutaja njia. Baba akakata kushoto, akaingia kwenye muhogo, akaenda hadi mwisho wa shamba, akafuata mpaka wote taratibu. Nyani watatu waliokuwa juu ya kichuguu walimwona, wakatimua mbio. Shemeji alitazama jua, akatazama shamba, akatazama jua tena. Hakuthubutu kuita.

Sikuwa nimemwona baba akitembea vile, mgongo wima, tangu siku ya lile gunia. Nililia palepale uani, bila kujificha.

Alipofika barabarani aliikabidhi kwa mikono miwili. Shemeji akaichukua, akaondoka mbio. Aliwahi gwaride.

Baada ya wiki nyani walirudi. Baba akachukua rungu, akaikunja ile karatasi ya wino mwekundu, akaitia mfukoni, akaelekea shambani. Nikamuuliza anaibebea nini.

"Karatasi iko sawa," akasema. "Bunduki tu ndiyo haiko."