Ramani ya Idjwi Niliyoichora Mimi

Ramani niliichora mimi. Nasema hivyo mapema kwa sababu kwa siku nne niliwaacha watu waamini vingine.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikifundisha jiografia katika shule ya wasichana huko Ibanda. Mwenzangu wa historia, mwanaume aliyenizidi miaka kumi hivi, alizaliwa kisiwani Idjwi, katikati ya ziwa letu, na mama yake alikuwa bado anaishi huko. Tukinywa chai katika chumba cha walimu alinisimulia juu ya msitu wa mlimani, visiwa vidogo visivyo na watu, wanawake wanaofinyanga vyungu kwa mikono mitupu, na ngoma zinazopigwa mavuno ya mtama yakiisha. Wasichana wetu wa mwaka wa sita walikulia kando ya ziwa, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga kisiwa kile.

“Tuwapeleke likizo ya Pasaka,” nikasema siku moja. “Siku nne tu.”

Alicheka. Halafu akaacha kucheka, akavuta kiti karibu.

Tulipanga kwa wiki tatu. Wasichana kumi na wawili, sisi wawili, na mtawa mmoja wa kulala nao. Yeye alitaja mahali, mimi nikachora: wino wa kijani kwa msitu, wa bluu kwa maji. Nilitia kila ghuba ambamo boti inaweza kuegeshwa, kila njia ya kupanda mlima, nyumba ya mama yake, na vile visiwa vya upande wa mashariki, ambavyo ukivipita unafika Rwanda. Nilijivunia kazi ile. Wasichana waliizunguka wakibishana nani angekaa mbele ya boti.

Prefe, yaani mkuu wa shule, mtawa wa makamo asiyependa maneno mengi, aliitazama kwa muda mrefu. “Ni nzuri,” akasema. “Lakini hamtavuka bila karatasi ya ruhusa. Ipelekeni ramani hii ofisi ya usalama kwanza.”

Alikwenda mwenzangu, maana mimi nilikuwa na vipindi. Alirudi mikono mitupu.

“Ramani iko wapi?”

“Wamebaki nayo.” Alikaa polepole. “Wameniuliza kwa nini shule inataka kujua mahali boti zinaweza kutua.”

“Si ili tutue?”

“Nilijibu hivyohivyo. Hawakucheka.”

Miaka ile ya Zaïre kila mtu mzima alielewa maana ya swali kama lile. Katika milima ya kusini kulikuwa na watu wenye bunduki ambao redio haikuwataja, na mpaka ulikuwa palepale majini. Siku ya pili mwanaume mmoja wa suti ya abakosti ya kijivu aliweka kiti chake ng'ambo ya barabara, akielekea lango letu, na gazeti mkononi. Siku ya tatu alikuwapo, na gazeti lilikuwa lilelile. Mzazi mmoja alikuja kuondoa jina la binti yake kwenye orodha, bila kutoa sababu. Wakafuata wengine watatu. Prefe akaanza kunipita kwenye veranda kana kwamba sikuwapo.

Jumanne, wakati wa mapumziko, gari la jeep liliingia uani. Wanaume wawili walikuja hadi chumba cha walimu, wakaikunjua ramani yangu juu ya vikombe vya chai.

“Sitwayeni, nani alichora hii?” mmoja akauliza, kwa lile neno la serikali la kumwita kila raia.

Yalikuwa maandishi yangu. Mtu yeyote aliyeona ubao wangu angeyatambua. Nilifungua mdomo, lakini mwenzangu akanitangulia.

“Ni mimi. Huko ni kwetu. Nani mwingine angejua?”

Mmoja akanigeukia. “Na wewe, sitwayeni? Unajua nini juu ya jambo hili?”

“Sijui kitu,” nikasema.

Wakaondoka naye. Hakunitazama, na nilishukuru kwamba hakunitazama.

Mchana ule nilifundisha kama kawaida, ila niliandika ubaoni kwa herufi kubwa zilizotengana, ili mwandiko wangu usijulikane. Nyumbani Bagira nilitafuta michoro yote ya majaribio, nikaitia kwenye mbabula, jiko letu la makaa, chini ya sufuria ya maharagwe.

“Unachoma nini?” akauliza shangazi niliyekaa kwake.

“Makosa ya wanafunzi.”

Jumamosi, mama mmoja mzee alinisimamisha langoni. Alibeba kikapu cha mananasi kichwani, na vitenge vyake vilikuwa vimelowa maji ya ziwa.

“Ni weye madame wa jeografia? Mutoto wangu aliniambia juu yako. Nimekuya kuuliza wageni watakuwa wangapi. Mikeka nimeisha kutayarisha.” Akatua kikapu. “Na yeye iko wapi? Nimefika ku nyumba yake, mulango imefungwa.”

Ng'ambo ya barabara gazeti liliteremka kidogo. Nilimshika mkono, nikampeleka nyuma ya jiko la shule, nikamweleza yote.

“Ramani ilikuwa yangu, mama. Yeye alisema ni yake.”

“Na weye ulisema nini?”

“Nilisema sijui kitu.”

Hakunitukana. Alipangusa uso kwa ncha ya kitenge. “Basi twende,” akasema. “Uende useme unajua.”

Tulitembea hadi ile ofisi, yeye mbele. Alibaki kwenye ngazi, mimi nikaingizwa ndani. Afisa alinisikiliza bila kuandika neno. Kisha akanisogezea karatasi nyeupe na kalamu.

“Chora tena.”

Nilichora kisiwa kizima, naye akaweka karatasi yangu kando ya ile ya kijani na bluu. Alizitazama moja baada ya nyingine.

“Ni kweli,” akasema. “Kwa hiyo mwenzako alituongopea. Nenda nyumbani.”

Nilitoka nikidhani nimemwokoa. Yule mama hakutaka kuja kwangu. Alisema atangoja palepale kwenye ngazi. Alingoja hadi Jumatatu, walipomwachilia mwanawe.

Mwenzangu alirudi shuleni siku iliyofuata kuchukua vitabu vyake. Alitembea kama mtu anayepita juu ya changarawe bila viatu. Barua ya kumhamishia Shabunda, mbali msituni, ilikuwa tayari mezani kwa prefe. Nilimfuata darasani.

“Ulikwenda kusema?” akauliza.

“Mama yako alinipeleka.”

“Najua, ameniambia.” Alikuwa anafunga vitabu kwa kamba, vidole vikikosa fundo. “Ijumaa walikuwa wamekubali kuniachilia. Jumamosi ukawaambia nimeongopa. Wakaanza upya.”

Nilishika kamba ili afunge fundo, naye akaniacha nishike.

“Mama hana kosa,” akasema. “Wewe pia, sijui. Usimweleze mama haya.”

Aliondoka kwa lori la wachuuzi lililokuwa likielekea Mwenga. Nilimwandikia Shabunda mara tatu, sikujibiwa. Baadaye nilisikia ameacha kufundisha, amerudi kisiwani kulima kahawa. Mimi hawakuniita tena, na sikujua kama wameniacha au wamenisahau kwa muda tu. Mwaka uliofuata prefe alipunguza somo langu, akaondoa ramani za kwetu. Niliwafundisha wasichana mito ya Ulaya, nao waliikariri vizuri sana, bila swali hata moja.