Mpigo wa Matoleo

Leo, kwa fundi wa pikipiki wa mtaa wa Ndosho, nimesikia harufu ya grisi kwenye kebo ya freni, nikamuona tena mama wa utoto wangu. Alikuwa akifumua kebo kama hiyo uzi kwa uzi, anafuta kila uzi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha anaufunga kwenye gitaa lake la kwaya. Vidole vyake vilinuka grisi mpaka Jumapili.

Siku moja nilikuwa nimemshikia nyuzi, na kaseti ya roki ikiunguruma sebuleni. Shemasi wetu akaingia, akakaa bila kuvua kofia.

"Mama, hii miziki ni ya dunia. Mukristo hasikilizi hii. Ukiendelea, tutakutosha mu kwaya, usipige tena."

Mama hakuzima redio. "Papa shemasi, ule mupigo ninapiga watu wakipeleka matoleo, unaupenda?"

"Sana. Ule unatoka kwa Mungu."

Mama akarudisha kaseti nyuma, akaiacha icheze. Ukatoka mpigo uleule, gitaa likishuka mbio kama maji ya mvua kutoka milima ya Masisi. Niliinamisha kichwa nisicheke. Shemasi alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi, Jumapili uupige polepole," akasema.

Jumapili mama aliupiga kwa kasi ileile. Nilikuwa benchi la mbele, nikimwambia kila aliyekaa karibu kwamba yule ni mama yangu. Wa kwanza kuinuka na toleo lake, mabega yakicheza, alikuwa shemasi.