Fundi wa Feni na Injini ya Kaka

"Hakuna kinachozunguka kikanishinda," fundi wa feni alitangaza kwa kinyozi, mbele ya watu sita na mmoja aliyenyolewa nusu. "Labda dunia, na hiyo hamjaniletea."

Walicheka, lakini hakuna aliyebisha. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akishusha feni za dari, zile zinazoyumba mpaka mwenye nyumba anahamisha kitanda, na kuzirudisha zikiwa na adabu. Siri yake ilikuwa moja: mapanga yote yawe na uzito sawa. Lililozidi linasuguliwa. Angeruhusiwa, angesugua na majirani.

Kisha kaka yake akafa. Aliacha mjane, koti moja, na ndege ndogo ya mbao ya kuchezea, yenye injini ya pistoni moja, saizi ya ngumi ya mtoto. Koti halikumtosha fundi. Ndege ndiyo aliyobaki nayo.

Enzi za uhai wake, kila Jumamosi saa nne asubuhi, marehemu alikuwa akiifunga injini ile kwenye meza ya uani kwake na kuiwasha, ikaimba. Mwezi mmoja baada ya mazishi, fundi alikwenda uani kuiwasha kwa niaba yake. Kwanza alikagua pangaboi, lile panga la mbele linalozungushwa na injini, akaona upande mmoja una donge la rangi nyekundu. "Uchafu," akasema. Akalisugua kwa msasa mpaka pande zote mbili zikalala sawa juu ya makali ya kisu.

Injini iliwaka kwa hasira. Meza ilitembea. Kabatini vikombe viligongana kama meno ya mwenye homa, na ndani, ukutani, picha ya marehemu ilishuka upande mmoja, kama mtu anayetega sikio.

Mjane alitoka jikoni mkono kifuani. "Shemeji, hivyo ndivyo alivyotetemeka siku tatu za mwisho. Hivyo hivyo. Itulize, au iondoke hapa nyumbani."

"Nipe mpaka Jumamosi ijayo. Mimi huyu nishindwe?"

"Wewe huyo huyo. Dunia inakusubiri, nimesikia."

Wiki nzima alipima, akasugua, akapima. Sawa kabisa. Akiwasha, picha inatega sikio. Akaanza kuiogopa. Alijikuta akinong'ona "samahani, kaka" kabla ya kugusa pangaboi, na kila alipoishika meza ili isitembee, alihisi kiganja cha kaka yake, kile alichokishika hospitalini, kikitetemeka ndani ya chake.

Ijumaa mchana alimkuta shemeji yake mlangoni akipaka rangi nyekundu ya kucha, akikwangua chupa iliyokaribia kukauka.

"Kaka yako ndiye aliyeimaliza," alisema. "Kila akinunua pangaboi, anaomba tone. Namuuliza, unampaka nani kucha huko nje? Anacheka tu."

Fundi akakaa chini pale pale.

Feni inazunguka, basi. Ndani yake hakuna kinachopanda na kushuka. Lakini pistoni moja inapopanda, huirusha injini nzima. Kaka yake alikuwa ameuongezea upande mmoja uzito makusudi, akaufunga ukitazama chini pistoni ikiwa juu, mvutano ukaisha sare. Na yeye, bingwa wa usawa, alikuwa ameusugua ufundi wa kaka yake akaupuliza kama vumbi.

Jumamosi saa nne alipaka upande mmoja matone mawili ya rangi ya kucha, akasubiri yakauke. Akafunga pangaboi, akawasha. Akazima, akalegeza nati, akaligeuza kidogo, akawasha tena. Mara ya tano injini ikaimba. Meza tuli. Vikombe kimya. Mabega ya fundi yalishuka, akacheka peke yake.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Shemeji yake alitoka na vikombe viwili vya chai, uso umemchangamka. "Mume wangu, leo umewahi ku—"

Akamwona aliyekuwa mezani. Chai ilimwagikia vidoleni, wala hakushtuka.

"Zima."

Akazima.

"Shemeji, nimeituliza. Si ulisema—"

"Nilisema. Iondoe." Alikitazama kikombe cha pili kana kwamba amepewa na mtu. "Ilipokuwa ikitetemeka, nilijua ni wewe."

Fundi alitaka kubisha. Badala yake aligeuka kutazama nyuma yake, mahali alipokuwa akisimama kaka, na alipogundua anachokifanya akaanza kufungua nati.

Jumatatu ndege ilining'inia dirishani kwa kinyozi, pamoja na injini na pangaboi lake. Chini yake palikuwa na kipande cha boksi chenye bei: elfu arobaini na tano.